Ghala la Topeni: Chakula cha Samoni Wachanga Mlangoni mwa Mto

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya tope. Si tope la njiani wakati wa masika, bali tope lile laini, jeusi, lenye harufu, ambalo huonekana mto unapoingia baharini, maji yakisha kupwa. Watu wa nchi nyingi wamelidhani tope hilo kuwa kitu cha bure. Halilimiki, halijengeki, wala halipitiki kwa miguu. Lakini limo ndani yake jambo ambalo wengine wamelijua baada ya hasara kubwa, nalo ni hili: tope hilo ni ghala la chakula, na wako samaki ambao ghala lao likifungwa huadimika, hata kama mto wao ni safi na bahari yao ni pana.

Ili jambo hili lieleweke vema, tutachukua mto mmoja tu. Uko mbali nasi, lakini tumeuchagua kwa sababu habari zake zimechunguzwa kwa makini miaka mingi, na kwa sababu watu wake wameufunga mlango wa ghala, kisha wakaufungua tena. Mto huo huitwa Nisqually, nao uko Marekani, katika jimbo la Washington, upande wa magharibi wa nchi ile.

MTO NA SAMAKI WAKE

Mto Nisqually hutoka katika mlima Rainier, wenye urefu wa futi 14,410 na barafu kileleni, kama Kilimanjaro wetu. Kutoka huko huteremka maili 80 hivi, ukipita misitu na mabonde, hata ufike mkono wa bahari uitwao Puget Sound. Hapo, kati ya miji ya Olympia na Tacoma, mto hujigawa katika vijito na mahori, na maji ya bahari huingia na kutoka mara mbili kwa siku. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa yaweza kupita futi 13. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake: mahali palipokuwa bahari asubuhi, adhuhuri huwa uwanja wa tope.

Katika mto huo huishi samaki wa jamii ya samoni. Aina zao ni kadhaa, nasi tutamsema mmoja aitwaye Chinook, ambaye ndiye mkubwa kuliko samoni wote wa Bahari ya Pasifiki. Maisha yake ni safari. Wakati wa vuli ya nchi ile, jike hupanda mto, huchimba shimo katika changarawe kwa mkia wake, na kutaga mayai elfu kadhaa. Baada ya kutaga, jike na dume hufa wote. Mayai hubaki chini ya changarawe wakati wa baridi, na mwanzoni mwa mwaka samaki wachanga hutoka wakiwa na urefu wa inchi moja na nusu tu. Baadhi yao hukaa mtoni kwa muda, lakini wengi huteremka na maji katika miezi yao ya kwanza. Kisha huingia baharini, hukua huko kwa miaka miwili, mitatu, minne au zaidi, na mwisho hurudi katika mto ule ule waliozaliwa, wakiufuata kwa harufu ya maji yake.

Zamani watu waliokuwa wakitaka kujua kwa nini samoni wanapungua walitazama ncha mbili za safari hii. Walitazama mto, mahali pa kutagia, na walitazama bahari, mahali pa kukulia. Katikati waliona mlango tu, kama mlango wa nyumba ambao mtu huupita bila kusimama. Lakini samaki mchanga haupiti mlango huo mara moja. Husimama hapo siku nyingi, pengine majuma kadhaa, na wengine miezi.

KWA NINI HUSIMAMA

Sababu ya kwanza ni chumvi. Mwili wa samaki aliye katika maji baridi ya mto hufanya kazi ya kuishika chumvi isipotee na kuyatoa maji yanayozidi. Mwili wa samaki aliye baharini hufanya kinyume chake: hunywa maji na kuitoa chumvi kwa njia ya matamvua. Samaki anayetoka mtoni kwenda baharini hana budi kuugeuza mwili wake wote, na kazi hiyo haifanyiki kwa saa moja. Mlangoni mwa mto, ambako maji matamu na maji ya chumvi huchanganyika, anaweza kugeuka polepole.

Sababu ya pili ni maficho. Mahori membamba na kingo zenye majani humpa mahali pa kujificha, ambapo samaki wakubwa hawaingii kwa urahisi.

Sababu ya tatu, nayo ndiyo kubwa kwa mazungumzo yetu, ni kula. Baharini kuna vinywa vingi, na kila kinywa humeza kile kinachoenea ndani yake. Samaki wa inchi moja na nusu huenea katika vinywa karibu vyote; samaki wa inchi tatu au nne amekwisha kuviokoka vingi. Tena aliye mkubwa huogelea kwa kasi zaidi na kuweza kuwinda mawindo makubwa zaidi. Ndiyo maana samoni anayeingia baharini akiwa amekua vema ana matumaini makubwa zaidi ya kurudi kuliko mwenzake aliyeingia akiwa mdogo na dhaifu. Katika juma moja la kula vizuri, au juma moja la njaa, maisha yake yaweza kuamuliwa. Waswahili husema, haba na haba hujaza kibaba. Kwa samoni mchanga kibaba hicho lazima kijae kabla ya kufika bahari kuu.

GHALA LENYEWE

Sasa tulitazame hilo ghala. Tukichukua pauro moja la tope na kulitazama kwa macho tu, hatuoni kitu ila tope. Lakini tukilitia katika chekeche lenye matundu ya nusu milimeta, tukalisukasuka ndani ya maji hata udongo laini uishe kupita, hubaki viumbe wanaotambaa na kujinyonganyonga.

Wa kwanza ni mdudu wa jamii ya kamba, mwenye urefu wa robo inchi hivi. Kwa kuwa hana jina lililozoeleka kwa Kiswahili, katika mazungumzo haya tutamwita kamba-tope. Huchimba tundu lenye umbo kama herufi U, na kuta zake huzishikamanisha kwa ute wake. Akiwa ndani huvuta maji kwa miguu yake na kuchuja chembe za chakula, au hunyosha vipapasio vyake virefu nje ya tundu na kukwangua uso wa tope. Mahali pazuri, yadi moja ya mraba yaweza kuwa na maelfu yao.

Wa pili ni minyoo ya topeni. Wa tatu ni funza wa visubi, ambao hukulia katika tope na mashinani mwa nyasi za kinamasi, kisha huota mabawa na kuruka. Na anayeanguka juu ya maji hunyakuliwa mara moja. Wa nne ni kamba wadogo sana, wepesi wa kuogelea, ambao hukaa karibu na sakafu ya maji, na jike huyachukua mayai yake katika mfuko ulio chini ya kifua. Hawa wote ni chakula cha samoni mchanga.

Nao hula nini? Hula mabaki. Majani ya kinamasi hufa kila mwaka, huanguka, na kuozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Chembe za majani hayo, pamoja na vijidudu vilivyozishika, ndizo posho ya kamba-tope na minyoo. Pia juu ya tope hukua utando wa rangi ya kahawia. Ukiutazama kwa darubini utaona kuwa ni mimea midogo mno, ambayo hushika nuru ya jua maji yanapokupwa. Kwa hiyo ghala hili hujazwa na watu watatu, kama tukiruhusiwa kuwaita hivyo: jua huotesha, mto huleta udongo na rutuba, na bahari kwa kujaa na kupwa kwake ndiyo mpagazi anayechukua na kugawa.

Maji yanapojaa, samaki wachanga huyafuata ndani ya mahori, hupanda mpaka kingo za majani, na kula. Maji yanapoanza kupwa hurudi nayo katika mahori yenye kina. Meza hutandikwa mara mbili kwa siku, na kila mara huondolewa kabla mgeni hajashiba sana.

Hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo ni rahisi kuyachanganya. Chakula kuwapo ni jambo moja. Chakula kupatikana ni jambo jingine. Ghala laweza kuwa na magunia mia, lakini kama mlango umefungwa, au kama ufunguo huletwa baada ya mavuno mapya, wenye njaa hawana faida nalo. Neno hili tulishike, maana ndilo litakalotufaa katika habari inayofuata.

BOMA LA MWAKA 1904

Mwaka 1904 mkulima mmoja, jina lake Alson Brown, alinunua nchi pale mlangoni mwa Mto Nisqually akataka kuifanya shamba. Alizungusha boma la udongo lenye urefu wa maili kadhaa, ili maji ya bahari yasiingie tena. Kinamasi kikakauka, majani ya malisho yakaota, na ng'ombe wa maziwa wakafugwa mahali walipokuwa wakiogelea samaki. Wala hakuwa peke yake. Katika milango mingi ya mito ya Puget Sound wakulima walifanya vivyo hivyo, na kwa macho ya siku zile hiyo ilikuwa kazi njema: kuibadili nchi ya bure kuwa nchi ya faida.

Lakini mambo manne yalifuata. La kwanza, samaki hawakuweza kuingia. La pili, viumbe wa topeni wenye kuhitaji maji ya chumvi yanayojaa na kupwa walitoweka ndani ya boma. La tatu, majani yaliyooza ndani hayakutoka tena kwenda kulisha tope lililo nje, kwa hiyo hata ghala lililobaki wazi lilipunguziwa posho. La nne lilikuwa la polepole, na kwa muda mrefu halikuonekana: nchi yenyewe ilizama. Udongo wa kinamasi umejaa mizizi na majani. Ukikauka huoza na kusinyaa, na kwato za ng'ombe huushindilia. Zamani mafuriko ya mto na maji ya bahari yalileta tabaka mpya ya udongo kila mwaka na kulipa deni hilo. Boma liliyazuia. Basi mwaka baada ya mwaka shamba lilizidi kuwa chini ya kinamasi kilicho nje.

WATU WA MTO

Mto huo una wenyewe, nao ni Wanisqually, ambao wameishi kando yake tangu kale na kula samaki wake. Mnamo Desemba 1854, pale pale karibu na mlango wa mto, kando ya kijito kilichoitwa Medicine Creek, mkataba ulifanywa kati ya serikali ya Marekani na makabila ya huko. Makabila yaliitoa sehemu kubwa mno ya nchi yao, lakini yalijiwekea haki ya kuvua samaki mahali pao pa siku zote.

Haki hiyo iliandikwa, lakini haikuheshimiwa daima. Katika miaka ya 1960 wavuvi wengi wa makabila hayo walikamatwa kwa kosa la kutega nyavu katika mito ya baba zao. Mmoja wao alikuwa Billy Frank, Mnisqually aliyezaliwa mwaka 1931, ambaye alikamatwa mara ya kwanza akiwa kijana wa miaka 14, na mara nyingi baada ya hapo. Mwishowe shauri lilifika mahakamani, na Februari 1974 Jaji George Boldt alitoa hukumu kwamba mkataba ule uliwapa makabila haki ya kuvua mpaka nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa.

Ilikuwa hukumu kubwa. Lakini nusu ya kitu hutegemea kitu chenyewe. Nusu ya kapu lililojaa ni chakula cha nyumba nyingi, na nusu ya kapu tupu ni tupu. Mwaka 1999 serikali ya Marekani iliwaandika Chinook wa Puget Sound katika orodha ya viumbe walio katika hatari. Kwa hiyo Wanisqually, waliokuwa wamekwisha kushinda shauri la haki ya kuvua, walikuwa na shauri jingine gumu zaidi: wapatikane wapi samaki wa kuvuliwa?

Sehemu ya jibu ilikuwa topeni.

BOMA LABOMOLEWA

Wanisqually walianza katika nchi yao wenyewe, upande wa mashariki wa mlango wa mto. Tangu mwaka 1996 walibomoa maboma kwa hatua, kipande baada ya kipande, wakarudishia bahari eka 140 hivi. Upande wa pili, shamba la zamani la Brown lilikuwa limefanywa hifadhi ya wanyama na ndege mwaka 1974. Mwaka 2009 boma kubwa la shamba hilo liliondolewa, na maji ya bahari yakaingia katika eka 762 ambazo hayakuwa yamezigusa kwa muda wa miaka mia. Boma jipya lilijengwa nyuma zaidi, ili sehemu ya maji matamu ihifadhiwe kwa ajili ya ndege. Ukijumlisha kazi zote mbili, mahori ya kale yaliyofunguliwa hupita urefu wa maili 22. Billy Frank aliishi hata akayaona hayo. Alifariki mwaka 2014, na mwaka 2015 hifadhi ile ilipewa jina lake.

Mwanzoni mandhari haikupendeza. Majani ya malisho yaliungua kwa chumvi, yakafa. Kwa kuwa nchi ilikuwa imezama, sehemu kubwa haikugeuka kinamasi cha majani mara moja, bali uwanja wa tope. Mtu asiyejua angeweza kudhani kwamba nchi nzuri imeharibiwa. Lakini wanaojua kusoma tope walikuja na mabomba na chekeche zao.

MASWALI MATATU

Wachunguzi wa kabila la Nisqually, pamoja na wenzao wa serikali, walikuwa na maswali matatu, nayo ni mazuri kwa sababu kila mtu anaweza kuyaelewa. La kwanza: je, samaki anaweza kufika? La pili: je, akifika, chakula kipo? La tatu: je, anakila, na kinamkuza?

Swali la kwanza hujibiwa kwa kupima kina cha maji katika mahori, saa ngapi maji hukaa humo, na kwa kutega nyavu. Jibu halikuchelewa. Nyavu zilipotegwa katika mahori yaliyofunguliwa, Chinook wachanga walikuwamo. Hakuna aliyewaonyesha njia; walifuata maji tu.

Swali la pili hujibiwa kwa kulihesabu ghala. Mchunguzi huingia topeni maji yakiwa yamekupwa, hushindilia bomba fupi, na kutoa kipande cha tope chenye umbo la mkate wa mviringo. Hukichekecha, na kuwahesabu viumbe mmoja mmoja kwa darubini. Kwa wadudu warukao huweka sinia zenye maji na sabuni kidogo kando ya hori, ili kila anayeanguka abaki humo. Ni kazi ya uvumilivu, lakini bila hiyo hakuna anayeweza kusema kama ghala limejaa au ni tupu. Hapo wachunguzi waliona kwamba viumbe wa topeni hawakungoja majani yaote. Maji ya bahari yaliwaleta, na baada ya miaka michache kamba-tope na wenzao walikuwa wamekwisha kufanya maskani katika shamba la zamani.

Swali la tatu ndilo gumu, maana tumbo la samaki halionekani. Zamani ilibidi samaki auawe na kupasuliwa. Siku hizi yako maarifa mengine: samaki huleweshwa kidogo kwa dawa, mrija mwembamba huingizwa kinywani, maji hupitishwa taratibu, na alichokula hutoka, kisha huachwa apate nguvu na kurudishwa majini akiwa hai. Tena ndani ya kichwa cha samaki kuna kijiwe kidogo cha sikio, ambacho huongeza duara moja jembamba kila siku, mfano wa duara za shina la mti. Samaki akila vizuri, duara huachana. Akipata njaa, husongamana. Na akiingia katika maji ya chumvi, kijiwe hushika alama ya maji hayo. Hivyo kutoka katika kijiwe kidogo kuliko punje ya mtama mchunguzi husoma siku samaki alipofika mlangoni na jinsi alivyokua hapo.

Matumbo yalionyesha kwamba samoni mchanga hachagui sana. Hula kinachotolewa na mahali alipo. Penye miti na maji matamu, wadudu warukao ni wengi tumboni mwake. Penye tope wazi karibu na bahari, jamii ya kamba huzidi. Wala vyakula hivyo havilingani, maana mdudu mlaini huwa na nguvu nyingi zaidi kuliko mdudu mwenye gamba gumu wa uzani ule ule. Kwa hiyo mlango wa mto wenye kufaa si ule wenye kitu cha namna moja, bali wenye msitu, kinamasi, tope na hori, kila kimoja mahali pake, ili samaki akisogea kutoka juu kwenda baharini apate cha kula kila hatua.

MAMBO YALIYOBAKI

Lakini si haki tuwaache wasikilizaji wetu wakidhani kwamba kubomoa boma ni dawa ya kila kitu. Yako mambo matatu ambayo bado huzuia chakula kilichopo kisipatikane au kisifae.

La kwanza ni udongo. Nchi iliyozama inahitaji kuinuliwa, na mwenye kuiinua ni mto kwa kuleta mchanga na tope. Lakini katika miaka ya 1940 lilijengwa bwawa la Alder kwa ajili ya nguvu za umeme, na sehemu kubwa ya udongo utokao mlimani hutuama humo. Nyasi za kinamasi haziwezi kuota mahali palipo chini mno, kwa kuwa hufunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi. Na kwa kuwa bahari nayo inapanda, kazi ya kujenga nchi inashindana na saa.

La pili ni joto. Samaki hana moto wa mwili kama sisi. Joto lake hufuata joto la maji. Maji yakipata joto, mwili wake hufanya kazi upesi zaidi na kudai chakula zaidi. Katika maji baridi kibaba kimoja hutosha na kubaki. Katika maji ya moto kibaba kile kile huishia katika kuuendesha mwili tu, pasipo kuongeza hata sehemu ndogo ya inchi. Kwa hiyo hesabu ya wadudu topeni, peke yake, haitoshi. Ni lazima uwe na hesabu ya wadudu na kipimo cha joto pamoja.

La tatu ni wingi wa walaji kwa wakati mmoja. Ili wavuvi wapate samaki, samoni hutotolewa pia katika vitalu na kuachwa mtoni kwa mamilioni wakati wa kuchipua. Wengi wao hufika mlangoni karibu pamoja, tena wakiwa wakubwa kuliko wale waliozaliwa mtoni. Meza ile ile hutazamiwa na wengi, na mdogo ndiye anayesukumwa kando. Hapo wenye kuangalia vitalu na wenye kuangalia tope hawana budi kushauriana: samaki wangapi, na waachwe lini.

Kwa sababu hizi Chinook wa Puget Sound wangali katika orodha ya walio hatarini. Ghala lililofungwa miaka mia halijai kwa siku moja, na samaki anayekula humo leo hurudi kuhesabiwa baada ya miaka kadhaa.

Hata hivyo jambo kubwa limekwisha kujulikana. Mtu akitaka kujua kama mlango wa mto utawalea samaki, asitazame maji peke yake, wala asiridhike na kuambiwa kwamba chakula ni kingi. Na aulize yale maswali matatu kwa mpango wake: kufika, kuwapo, kukuza. Likikosa jibu moja, mengine mawili hayamshibishi samaki. Na mahali pa kuanzia kuuliza ni pale ambapo watu wengi hukunja pua na kupita haraka, maji yakisha kupwa.